Ulinipenda kwa Sauti ya Nungunungu

Kwako Mama, uliye Makindu,

Nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma kwa sababu kwenye simu umenishinda. Kila nikikupigia tuongee jambo zito, unageuza sauti. "Hapa ni nungunungu. Mama hayuko, amekwenda kuchimba mizizi." Nacheka bila kutaka, kisha unasema kuna mteja, kisha simu imekatika. Barua huwezi kuikata hivyo. Isome mpaka mwisho.

Jumamosi ijayo watu wa Mutua wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kuniposa, nyumbani kwa Susu, mama yako aliyenilea hapa Matinyani. Unajua desturi yetu. Wakija na mbuzi wanakuja pia na blanketi la mama wa msichana. Anaketishwa mbele ya watu, anafunikwa mabegani, wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo hakuna wa kuuliza binti huyu alilelewa na nani. Mjomba ameniambia umeshatuma ujumbe.

"Mama yako anasema lisiwe la kijivu. Anataka lenye maua."

Nilikuwa nakoroga uji. Niliendelea kuukoroga hadi ukaungua.

Unakumbuka Desemba zetu? Ulikuwa unafika siku chache kabla ya Krismasi, mkoba umejaa diski za katuni kutoka kibanda chako cha kuuza filamu. Wewe ndiye uliyetuletea ile televisheni ndogo na sola yake. Katuni zote zilikuwa za Kiingereza, nami nilikuwa sijakijua bado, basi ulizima sauti ukaongea wewe. Ulimwigiza kila mtu na kila mnyama, ila akina mama ndio uliowapenda. Kulikuwa na jitu wa kike aliyembeba mwanawe kwenye mfuko wa aproni hadi mtoto akasahau kutembea. Huyo ulimpa sauti nzito ya mchungaji wetu. Kulikuwa na bata aliyewasukuma wanawe mtoni, akisema atakayekunywa maji ndiye atakayejifunza; huyo aliongea kama jirani yetu, na jirani mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo, anafuta machozi ya kicheko. "Huyo si ni mimi! Wewe, nitakuchapa!"

Na kulikuwa na nungunungu, mama aliyevuka na watoto wake nyika inayoungua. Miiba yake haikumruhusu kuwakumbatia, kwa hivyo alitangulia mbele, akigeuka kila hatua kuwatazama. Hapo ulishusha sauti.

"Wanangu, hata dunia yote iungue, sitawaacha. Nawapenda kuliko pumzi yangu."

Nilikuwa nimeegemea goti lako. Nilitaka turudie pale, ukarudia, nikataka tena, ukarudia tena, hadi sola ikaisha nguvu. Susu alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mbaazi.

"Huyo mnyama ana maneno mazuri," alisema. "Sijui huwa anayaweka wapi mchana."

Ulianza kupanga diski mkobani. Mimi sikuelewa kitu.

Mwaka ukianza, ulikuwa unaondoka nikiwa kisimani. Kila mara nikiwa kisimani. Nilirudi na mtungi, nikakuta Susu anafagia mahali mkoba wako ulipokuwa, nikajua. Nilibaki na diski. Niliziweka bila sauti na kuongea mwenyewe kama wewe. Katuni nyingi humwondoa mama mapema, kwa ugonjwa au kwa mafuriko, ili mtoto apate safari ya kwenda. Niliwaonea wivu watoto hao. Mama zao walikuwa na sababu.

Nilipoingia shule ya bweni huko Makueni nilifurahi, kwa sababu ilikuwa upande wako. Uliahidi kuja siku ya wazazi. Nilijiambia kwamba kutoka Makindu si mbali, huwezi kukosa. Aliyetokea langoni ni Susu, kutoka Matinyani, amebadilisha magari njia nzima, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Amefika?"

"Hajafika."

"Basi kula kabla haujapoa."

Ulikuwa umepoa tangu Kitui. Tulikula. Hakunena lolote baya juu yako siku hiyo, wala siku nyingine. Maneno yake makali alikuwekea wewe mwenyewe, ukiwepo.

Hakuna mama wa katuni anayefanana na Susu. Haimbi. Hajawahi kuniambia ananipenda, hata kwa sauti ya mtu mwingine. Ameniambia nifunge mlango, ninawe miguu, nisogeze taa nisiharibu macho.

Mwezi uliopita, tukisafisha nyumba kwa ajili ya wageni, niliiokota ile diski ya nungunungu nyuma ya kabati. Niliiweka kwenye kompyuta. Safari hii niliacha sauti, maana Kiingereza nimekisoma hadi chuo kikuu. Nyika ikawaka moto. Nungunungu akageuka, akafungua mdomo, akawaambia wanawe: songeni haraka, mto uko mbele. Basi. Niliirudisha nyuma kama tulivyokuwa tukifanya. Nikaitazama filamu nzima, mwanzo hadi mwisho. Hakuna dunia inayoungua. Hakuna pumzi. Hakuna sitawaacha.

Maneno yalikuwa yako, Mama.

Miaka yote hii nilidhani huna, na mtu asiye na kitu huwezi kumdai. Kumbe ulikuwa nayo tele. Ulijua hasa mtoto wako anatamani kuambiwa nini, ukampa mnyama wa kuchorwa ayaseme, kisha ukapanda gari ukaenda zako. Hilo ndilo nashindwa kulimeza. Ungekuwa hujui kupenda, ningekusamehe zamani.

Nilimwambia Mjomba blanketi ni la Susu. Aliruka.

"Kwani siku hizi wewe ndiye unayetunga mila? Blanketi ni la aliyezaa!"

"Hata Susu amezaa," nikamjibu. "Amekuzaa wewe."

Susu alitukemea sote. "Mtagombana nikishakufa. Mablanketi ninayo, na baridi ya hapa tumezoeana." Lakini jioni nilikuta gauni lake la kanisa limefuliwa na kuanikwa, na ilikuwa siku ya Jumatatu.

Kwa hivyo Jumamosi litawekwa mabegani mwake. Nimemwambia Mutua alete la kijivu. Susu anasema maua ni ya watu wasio na kazi.

Njoo ukitaka. Utapata kiti upande wa wageni, na sahani yako haitakosa nyama. Lakini nungunungu mwache Makindu. Wageni watapewa nafasi ya kusema neno, nawe unaweza kusimama. Yaseme yale maneno kwa sauti yako, Susu akisikia, ukinitazama mimi. Kama huwezi, nyamaza, kula, uende. Ila safari hii usingoje nitoke kwenda kisimani. Pita mlangoni nikikuona.

Ni mimi, binti uliyemzaa,
mtoto wa Susu.