Mizani ya Ngendo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkuu wa shule amenikabidhi "kituo cha teknolojia". Kompyuta sita — nne zinawaka — na bango lenye picha yake. Kidato cha Pili wajifunze programu kwa kutengeneza gemu, wazazi waje kuona Ijumaa ya wiki ijayo. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa Hisabati. Ati ni kitu kimoja.

Jumatano, 11 Juni
Wavulana wote wanatengeneza gemu ya risasi. Mwai ameandika mistari minne, tayari anajiita injinia. Ngendo na Rowda wakauliza kama gemu inaweza kuwa ya kuchuma kahawa. Nikakubali haraka. Kahawa haina ugomvi na mtu.

Jumatatu, 16 Juni
Mtu wa gemu ya Mwai anapita ndani ya ukuta. Gemu ya wasichana inachezeka vizuri: unachuma, unajaza gunia, unapeleka fakitori, linapimwa. Nilipeleka kilo ishirini. Mizani ikasoma kumi na saba. Nikawaambia kuna kosa mahali. Ngendo akasema hakuna, ndivyo nyanya yake anavyosomewa kahawa yake kwenye fakitori ya hapa Gakindu kila msimu. Rowda akaongeza kwamba baba yake, huko Nanyuki, hununua ng'ombe kwa macho tu. Mizani haiamini.
Nilicheka sana. Mjinga mimi.

Alhamisi, 19 Juni
Mgeni wa heshima kesho ni Mzee Hezekiah, mwenyekiti wa bodi ya shule. Na wa fakitori.
Mkuu alinifuata stafrumu. Nirekebishe mizani isome sawa, ni mstari mmoja tu. Kumbe naye ni injinia!
Nikampelekea Ngendo habari. Hakubishana. "Na ile ya fakitori, madam, utarekebisha lini?"
Nikajifanya natafuta chaki.

Ijumaa, 20 Juni
Naandika nimekaa nyuma darasani, wageni wamejaa. Ule mstari sikuugusa. Nikiulizwa nitasema stima ilipotea kabla sijarekebisha — hapa hakuna atakayeshangaa.
Mzee Hezekiah alianza na gemu ya Mwai. Akapigwa risasi, akapigiwa makofi. Sasa yuko kwenye kahawa. Anachuma kwa ustadi, ulimi nje kama mtoto. Kilo ishirini. Imesoma kumi na saba. Amechuma tena, polepole. Kumi na saba.
"Mashini yenu imeharibika," amesema.
Mkuu amenitazama mimi. Mimi nimetazama bango.
Ngendo amesimama kando ya meza, mikono nyuma, anamwita babu kwa Kikuyu. "Haijaharibika, guka. Tuliiandika hivyo."
Mzee bado ameshika mausi, hachezi, haachi. Nyanya yake Ngendo ameomba kiti, amekivuta hadi mbele kabisa ili aone vizuri.
Mkuu ametangaza kwamba chai iko tayari.
Hakuna aliyeinuka.