Kaya ya Mtu Mmoja

Ifakara, Jumanne, Aprili 1996

Mvua tangu asubuhi. Jenereta ya ofisi imekubali kuwaka, na kompyuta nayo ikakubali.

Nimemaliza kuingiza madodoso yote. Mhadhiri wangu wa uchumi kanileta huku kwetu kwa sababu darasani ni mimi tu ninayeiweza programu ya takwimu. Unaandika amri, unabonyeza, jedwali linatoka. Raha yake siwezi kuikataa.

Jedwali la leo linasema karibu nusu ya kaya za wazee ni za mtu mmoja. Mhadhiri kapiga meza: "Hii ndiyo ripoti yetu! Na jina lako litakuwemo."

Jina kwenye ripoti ni nusu ya safari ya shahada ya pili. Nilifurahi, sitajifanya.

Mchana nikapita kwa Bibi, mama yake mama. Alikuwa anapepeta mchele. Shikamoo, marahaba. Nikamtania kwamba kompyuta imemwandika anaishi peke yake.

"Peke yangu? Makubwa! Mjomba wako na mkewe na watoto wote si wako shamba wanafukuza ndege? Wakisharudi na mpunga humu ndani hakulaliki kwa kelele. Nani kakutuma uniandike mkiwa?"

Msimu huu watu wanahamia bondeni, kwenye vibanda vya mashambani, na wazee wanabaki kulinda nyumba. Sisi tulipita nyumbani tukauliza nani amelala hapa jana. Programu haina kosa, imejumlisha tulichoipa.

Nikarudi ofisini kumweleza mhadhiri. Kanitazama weee.

"Lakini wewe si mzaliwa wa hapa? Hukulijua hili?"

Nililijua.

Nimekulia kwenye vibanda hivyo, nimepigia ndege kelele mpaka sauti ikanikauka. Nilipokaa mbele ya kile kioo cha kompyuta nikalisoma jedwali kama mtu aliyeshuka na treni jana. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ripoti kusimamishwa.

Kuhusu jina langu hakusema tena, nami sikuuliza. Kesho naenda bondeni na madodoso mapya, matope na yote.

Najiuliza tu: mvua ingekuwa kubwa zaidi, nisingepita kwa Bibi, ningestuka saa ngapi? Nadhani nisingestuka. Ningekwenda zangu kusoma, nikiwa nimepata nafasi kwa upweke wa watu wasio wapweke.