Nakuja Nyumbani kwa Jina la Mtalii

Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na uipokee polepole maana imetoka mbali. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miwani puani, na ile nyonga imepoa kidogo tangu ulipoandika. Dawa ya kuchua uliyopewa zahanati imekufaa, au unaipaka tu ili muuguzi asikununie? Na masikio je? Simu zetu siku hizi zimekuwa kupigiana kelele tu, wewe "nani?", mimi "mimi!", mpaka salio linakwisha. Ndiyo maana nimeirudia kalamu.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu wa umri wangu. Goti la kushoto limegoma. Lifti ya jengo letu nayo imegoma, na wawili hao wakishakubaliana, mimi sishuki. Nashinda dirishani nikitazama bomba la moshi la kiwanda na akina mama wa jengo la pili wanaoanika nguo. Sijui jina la hata mmoja wao, lakini mashuka yao nayajua yote. Vitabu vyangu nimekwisha kuvisoma, sasa navisahihisha. Mtu aliyesahihisha chapa maisha yake yote haachi penseli kwa sababu tu amestaafu.

Sasa habari yenyewe. Tunakuja. Usinyanyuke ghafla, nyonga hiyo! Binti yangu na mumewe wameazimia kutupeleka sote, pamoja na mjukuu, shule zikifungwa. Tutakwenda mbugani kutazama wanyama, kisha pwani kupumzika. Walidunduliza muda mrefu bila kuniambia, wakanifunulia siku moja baada ya chakula, mjukuu akiwa ameniziba macho kwa viganja vyenye harufu ya chungwa. Binti alilia kabla sijalia mimi. Unajua jinsi mambo yalivyokuwa: kwanza vita, kisha vibali, kisha maradhi ya marehemu mke wangu. Nilikuwa nimekwisha kuacha kuuliza. Kwa hiyo nililia, sikatai. Halafu nikauliza swali moja tu, usiku wa kwanza tutalala wapi.

"Hoteli nzuri sana, Mzee," akasema mkwe wangu. "Iko karibu na uwanja wa ndege. Tena ina bwawa la kuogelea."

Umekwisha kunielewa. Nyumbani kwetu, aliyetoka safari alilala usiku wa kwanza kwa mkubwa wa nyumba, awe amerudi na mali au mikono mitupu. Unamkumbuka Baba Mdogo aliposhuka na basi la jioni, akaona haya kutusumbua, akalala gesti, na asubuhi akaja na mkate mkononi kama mgeni? Baba aliuchukua mkate, mwenyewe akamwacha barazani. "Aliyekulaza ndiye akuamkie," akamwambia, akaingia ndani. Sisi watoto tulicheka hadi tukafukuzwa. Leo mkubwa wa nyumba ni wewe, Dada, na mimi ndiye ninayepangiwa gesti.

Mkwe wangu si mtu mbaya. Anapanga zamu za madereva kwenye kituo cha mabasi, na kazi hiyo anarudi nayo nyumbani. Mjukuu amembandika jina Ratiba, naye analifurahia. Safari yetu ameipanga kama mabasi yake. Kila asubuhi ina saa yake, kila saa ina gari lake. Wewe umewekwa siku ya mwisho, tukielekea uwanja wa ndege, kati ya chakula cha mchana na kupima mizigo.

Juzi walinishusha ngazi, yeye mkono huu, mjukuu mkono ule, binti yangu ametangulia, tukaenda ofisi ya wakala wa safari. Ni chumba kidogo kando ya duka la viatu, kina feni isiyozunguka na meza ya kioo. Wakala ni mama mcheshi mwenye kucha ndefu, hubofya kompyuta kwa vidole vilivyolazwa ili zisivunjike. Akamwuliza binti yangu, kana kwamba mimi sipo, "Mzee ameshawahi kufika kule?"

"Babu ametoka kule!" mjukuu akasema.

"Ala! Basi mna mwongozaji wa bure. Babu, simba hasa wako upande gani?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Mimi simba nimemwona kwenye boksi la kiberiti."

Walicheka wote, wakadhani nafanya mzaha. Lakini Dada, kuna mtu gani wa kwetu aliyewahi kufunga safari kwenda kumtazama simba? Sisi tulikuwa tukimwomba Mungu asije yeye kututazama. Na bahari niliipita mara moja, siku tulipoondoka. Sikuitazama, nilikuwa nahesabu vichwa vya watoto. Sasa wananionyesha picha za viti vyeupe vilivyopangwa mchangani na kuniambia, "Utalala hapa, Baba, usikie mawimbi."

Juu ya meza kulikuwa na ramani. Mbuga imepakwa kijani, pwani imepakwa njano. Katikati pameachwa peupe, hapana hata neno. Mji wenu uko hapo kwenye weupe. Niliweka kidole. Wakala akakisogeza kwa adabu, alikuwa anatafuta barabara.

Kisha akauliza, "Sababu ya safari?"

"Utalii," akasema mkwe wangu.

"Wote?"

"Wote."

Wote walikuwa na furaha, na mimi ndiye niliyenunuliwa furaha hiyo. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba zawadi yake inakubana?

Nao hawajamaliza. Wameninunulia kofia ya kaki yenye kamba ya kidevuni, na fulana ya mifuko mingi hata sijui niweke nini. Wakanivalisha sebuleni wanipige picha. Nikajitazama kwenye kioo, nikamwona yule bwana mifugo wa zamani aliyekuwa akija kukagua ng'ombe wetu, ambaye wewe ulikuwa ukimwiga anavyotembea. Mjukuu aliniuliza kwa nini nacheka.

Jioni ile nikamfuata binti yangu jikoni. Yeye hupika shuleni kutwa nzima, na akirudi anapika tena. Nikamweleza habari ya usiku wa kwanza, na mkate wa Baba Mdogo. Alisikiliza mgongo ukiwa kwangu.

"Lakini kwa Shangazi tutafika, Baba. Siku ya mwisho. Gari litatusubiri nje."

"Litasubiri limezimwa, au linanguruma?"

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Nimeuliza tu."

Akaweka sufuria chini. "Nani alikwambia ni Ratiba aliyepanga hivyo? Ni mimi. Nilimwomba mimi. Ukianzia kwa Shangazi hutatoka, nakujua. Utakaa kwenye kiti, utavua viatu, basi. Na mimi nitarudi huku na begi lako."

Nilikuwa nimejiandaa kushindana na hoteli, na bei, na barabara mbovu. Hili sikujiandaa nalo. Maana ile barua yako ya mwisho iko chini ya mto wangu, pale unaposema chumba cha nyuma umekipaka chokaa na kitanda kimeingia. Hukuandika "njoo ukae." Hukuhitaji. Kila nikisoma hapo naviona viatu vyangu chini ya kitanda hicho. Binti yangu alikuwa ameniona nikiviona.

Naye ana nani? Mama yake amelala huku, makaburi yako ng'ambo ya reli, na kila Jumapili ni yeye anayepalilia. Ndugu zake wametawanyika. Amebaki na mume mwema, mtoto mmoja, na mzee huyu wa dirishani. Nikibaki kwako namwacha yatima angali na baba. Nikirudi huku, najua na wewe unajua kwamba hatutaonana tena. Nimegeuza jambo hili kila upande, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na mlango sijauona.

Kulipokucha tuliketi watatu tukakata maneno. Usiku wa kwanza nitalala kwako, na wao pia, ili mjukuu ajue kwao. Asubuhi wataendelea mbugani kwenye simba wao, mimi nitabaki nawe mpaka watakapopita kunichukua kwenda pwani. Ratiba alifuta, akapanga, akapiga simu, akalalamika kidogo kwa heshima. Mjukuu alinuna siku nzima kwa ajili ya bwawa. Na mimi, kwa upande wangu, nimempa binti yangu mkono mbele ya mumewe, kwamba gari likija nitapanda. Alinishika kwa mikono yote miwili, na hakuachia mapema.

Nisalimie Shemeji, umwambie deni langu la bao bado nalikumbuka na namjia. Msalimie Mama Pacha na pacha wake, ambao wenyewe sasa wana wajukuu. Mpe salamu fundi saa, kama bado anabisha kwamba yeye ni mkubwa kwangu. Wabusu watoto wa watoto, hata wasiojua huyu anayewabusu ni nani.

Nimebakiwa na ombi moja, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Siku hizo nitakazokuwa kwako tutasema yote, tutacheka, tutalia, utanigombeza utakavyo. Lakini usiniambie nibaki. Usiseme hata kwa utani, wala usinitazame kwa macho yale. Neno nililompa mtoto wangu naweza kulitimiza iwapo tu wewe hutasema lako. Mimi ni mzee, nina mvi hadi kwenye nyusi, lakini wewe ni Dada yangu mkubwa. Ukiniambia "kaa", nitakaa, na yule binti atarudi peke yake. Kwa hiyo niage mapema, tukiwa bado tunakunywa chai, na gari likifika uwe na kazi jikoni.

Mungu akutunze, akutie nguvu miguuni, na atukutanishe salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, popote nilipo,
Kitinda mimba wa Mama