Karata Nilizochanganya Mimi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na sasa unalala. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia wiki nzima. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningeanza kulia kabla ya salamu kwisha, nawe ungekata ukidhani mtandao ni mbovu.

Ni mama. Daktari ameona uvimbe tumboni, na amesema utolewe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo utaziba utumbo. Alimpa fomu ya kukubali upasuaji aende akaisaini nyumbani. Mama akaiweka chini ya redio, akasema atafikiri. Unamjua mama akisema atafikiri.

Unazijua pia zile karata zangu za taroti, ambazo shemeji huziita biashara ya kuuza upepo. Wateja wakija kujaribu nguo huniomba niwatandikie tatu: ya jana, ya leo, ya kesho. Siwadanganyi kwamba naijua kesho yao. Nawauliza wanaona nini pichani, na mara nyingi mtu hujijibu mwenyewe. Basi Jumapili mchana mama akaja chumba cha kushonea, akasukuma vitambaa pembeni, akaketi kiti cha wateja. Akasema nimsomee, karata zikikubali, atasaini.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kanuni ya kwanza ni kwamba anayesomewa ndiye anayechanganya karata. Lakini vidole vya mama vimevimba siku hizi, karata zikamponyoka, nami nikazichanganya kwa niaba yake. Ya tatu, ya kesho, ikatoka panga nane: mwanamke kafungwa kitambaa machoni, panga zimemzunguka. Mama aliitazama sana, akasema hivyo ni visu vya daktari, basi, yameisha. Nilipaswa kumwambia kwamba kamba za yule mwanamke zimelegea, kwamba ni karata ya mtu aliyefungwa na hofu yake mwenyewe. Nikafunga mdomo. Niliona nafuu kwamba hatapasuliwa, dada, na nafuu hiyo ndiyo inayonitisha.

Tangu siku hiyo fomu hajaigusa. Juzi alitapika mara tatu. Jana muuguzi alipiga simu kuuliza, nikamwambia mama amelala, naye alikuwa ameketi mbele yangu akinitazama.

Sasa nikwambie nililokuficha miaka sita. Fomu ya upasuaji wa baba hakuisaini baba. Niliisaini mimi. Aliniomba tukusubiri wewe ufike, nikamjibu kwamba daktari hana muda wa kusubiri watu. Aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, hakutoka hai. Ulipofika umechelewa nikakudanganya kwamba alisaini mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unatafuta mtu wa kumlaumu na nilikuogopa.

Leo asubuhi nimemwambia mama yote. Nikamkumbusha pia kwamba karata nilizichanganya mimi, kwa hiyo mwanamke aliyefungwa ni mimi, si yeye. Aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa amebakiza siku mbili tu, apasuliwe asipasuliwe. Daktari aliniambia. Nilidhani unajua, mwanangu."

Miaka sita tumekula meza moja, dada, mimi nikificha, yeye akidhani najua.

Aliomba kalamu. Nilitaka kumshikia mkono, akanifukuza, akasaini mwenyewe polepole, jina lote, huku akinung'unika kwamba kalamu zangu zote mbovu.

Upasuaji ni Ijumaa saa nne asubuhi. Kondakta wa basi ameniahidi kwamba barua hii utaipata kesho. Ukinikasirikia ni haki yako, sitajitetea. Lakini njoo. Tutagombana palepale hospitali, kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji, maana safari hii siwezi kukaa pale peke yangu.

Mama anakusalimu, na anasema usije na uso wa msiba. Nibusie watoto, na umwambie shemeji nimemsamehe maneno yake.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi