Mahamri ya Dama

Idsowe

Mwanangu Chengo,

Hatujambo, na maji ya mto yameshuka. Naandika kwa sababu simu yako haipatikani.

Leo asubuhi mkeo Dama aliniomba nimfundishe kupika mahamri. Tulikanda unga kwa tui la nazi, hamira na iliki, tukauacha uumuke. Alisukuma na kukata vizuri. Ya kwanza yalipofura kwenye mafuta, alitabasamu. Kisha akasema, "Mama, mimba ilitoka Jumatatu. Sijui nitamwambiaje Chengo."

Nikamwambia, "Epua hayo, yanaungua." Akaepua, akaendelea kukata mengine.

Baadaye nilimpeleka hospitali ya Ngao wakampima, mwili wake uko salama. Omba ruhusa kazini uje, umwambie neno ambalo mimi nilishindwa kusema.

Mamako,
Kadzo