Mpunga Ambao Baba Hakuuza

Mwembesongo, Morogoro

Kaka Hamza,

Shikamoo. Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Huku ukungu umeufunika mlima tangu Jumatatu.

Uliuliza kwa nini baba hapokei simu zako. Anaona aibu, kaka, ingawa kosa ni langu. Ile programu niliyoitengeneza chuoni, inayojifunza bei za miaka iliyopita na kubashiri zijazo, ilionyesha mpunga utapanda bei. Nikamwambia asiuze. Mnunuzi alipokuja, baba akamjibu, "Binti yangu kasema tusubiri." Tukasubiri miezi mitano. Mchele wa nje ukaingia, bei ikaporomoka, na baba akauza majaruba yetu ya Dakawa ili nimalize chuo.

Jana niliitetea kazi hiyo mbele ya walimu. Waliisifu kwamba kwa wastani inakosea kidogo sana, wakapiga makofi. Sikujua kama baba amekuja. Alikuwa amekaa nyuma, amevaa kanzu yake ya Idi, akimwambia mtu aliyeketi naye, "Yule pale ni Shadya wangu." Aliendelea kupiga makofi hata wengine walipokwisha kunyamaza. Nilishindwa kumtazama, kaka.

Mdogo wako,
Shadya