Oili ya Giaboksi ya Baba Yako

Mwanangu kitindamimba,

Sisi hatujambo, ila roho yangu haitulii mpaka nijue kama kifua chako kimepona. Vaa sweta, hata wakikucheka.

Gari la baba yako lilianza kushtuka kila likibadili gia, akasema linataka oili ya giaboksi. Asubuhi nzima akanikataza kufagia ua, eti vumbi litaingia. Faneli ya jikoni nikaiosha, akanirudisha niianike juani mpaka ikauke kabisa.

"Tone la maji likiingia humo, mama watoto, tutatembea kwa miguu mpaka uzeeni."

Nikamwambia uzeeni tumeshafika, akacheka.

Akawasha injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga. "Imejaa," akasema. Mwanangu, kijiti kilikuwa kikavu. Hapo ndipo nilipojua macho yake yamefikia wapi, na kila siku anaendesha.

Sikumkemea. Nikasema, "Mzee, hebu nipime mimi, wewe nielekeze." Akanipa kijiti. Nikamimina kidogo kidogo, nikipima, mpaka ikafika kwenye alama. Nilipofunga boneti, nikamkuta ameshakaa kiti cha abiria.

"Twende uwanja wa shule," akasema. "Halina klachi, hata wewe utaliweza."

Sijagonga kitu ila ndoo. Kwa daktari wa macho tutapelekwa na jirani, maana leseni bado. Usimwambie baba yako kwamba nimekuandikia habari za macho yake. Mpigie tu, umuulize dereva wake mpya anaendeleaje.

Ni mimi mama yako, mikono bado inanuka oili.